Runinga ya PS5 na Xbox Series X: tazama kioo na tundu la HDMI kabla ya kutazama inchi

Mleta uzi

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Mwaka 2022 nilinunua runinga ya inchi 55 katika duka moja la Kariakoo kwa ajili ya PS5, konsoli ya gemu ambayo nilikuwa nimeitafuta kwa muda mrefu. Kwenye boksi palikuwa na namba 120 iliyochapwa kwa maandishi makubwa, na muuzaji akanihakikishia kwamba hiyo ndiyo 120 ya gemu. Nilipofika nyumbani nikaunganisha, nikafungua ukurasa wa PS5 unaoeleza picha inayotoka, nikakuta umeandika kwamba skrini hii haikubali 120 Hz. Nilibadilisha waya, nikahama tundu moja hadi jingine, nikasoma kijitabu mpaka usiku wa manane. Kioo kilikuwa cha 60 Hz, na hakuna mpangilio wa kukigeuza. Risiti nayo ilikuwa na yale maneno tunayoyajua sote, kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Tangu hapo nimekuwa nikiwasindikiza ndugu na majirani dukani, na ninaandika uzi huu ili mtu aliyedunduliza fedha zake kwa mwaka mzima asije akanunua namba ya kwenye boksi.

Tuanze na hiyo 120 yenyewe. Kioo cha 60 Hz hubadilisha picha mara 60 kwa sekunde, yaani kila picha hukaa milisekunde 16.7, na kile cha 120 Hz huibadilisha kila baada ya milisekunde 8.3. Watengenezaji wengi wamezoea kuandika namba nyingine iliyo kubwa zaidi, inayohusu ujanja wa kulainisha mwendo, ambapo runinga hujibunia picha za katikati au huzima na kuwasha taa za nyuma kwa haraka. Namba hiyo haina uhusiano wowote na kile ambacho konsoli itaweza kukituma. Ukikuta karatasi ya maelezo inataja namba ya mwendo peke yake bila kutaja kasi halisi ya kioo, chukulia kwamba kioo ni cha 60 Hz mpaka utakapothibitisha vinginevyo. Jambo jingine lililowaponza wengi ni kwamba runinga za toleo moja, zenye jina lilelile, mara nyingi huwa na kioo cha 120 Hz kuanzia inchi 55, huku zile za inchi 43 au 50 zikiwa na kioo cha 60 Hz. Sifa ulizozisoma kuhusu ile ya inchi 65 haziwezi kuwa ushahidi juu ya ile ndogo iliyo mbele yako.

Vipo pia vioo vya 60 Hz vinavyopokea 120 kwa kupunguza nusu ya mistari ya picha. Hapo konsoli itaandika 120 na mwendo utakuwa laini kweli, ila picha haitakuwa 4K kamili, yaani ile yenye mistari 2160. Kwa anayecheza gemu za risasi kwa bajeti ndogo si chaguo baya, alimradi anajua anachokinunua.

Wengi huuliza 120 Hz ina faida gani ikiwa gemu zinazokimbia kwa fremu 120, yaani picha 120 kwa sekunde, ni chache, na swali hilo ni la haki. Kwangu mimi faida kubwa iko kwenye fremu 40. Mwaka 2021 gemu ya Ratchet & Clank: Rift Apart ya PS5 iliongezewa hali ya kuchezwa kwa fremu 40, na nyingine zikafuata. Namba 60 haigawanyiki sawasawa kwa 40, kwa hiyo kwenye kioo cha 60 Hz fremu zingekuwa zinagongana na picha ingeshtukashtuka. Lakini 120 ukiigawa kwa 40 unapata 3 kamili, kila fremu ikakaa mizunguko mitatu bila kubaki. Sasa tazameni muda wenyewe: kwa fremu 30 kila moja hukaa milisekunde 33.3, kwa fremu 60 hukaa 16.7, na kwa fremu 40 hukaa 25, ambayo ndiyo katikati ya hizo mbili. Mtu akisikia 40 hudhani kwamba ni nyongeza ndogo juu ya 30, kumbe mkononi unakuwa umeshafika nusu ya njia kuelekea 60, huku picha ikibaki na vivuli na miale yake yote. Nilipoiona kwa mara ya kwanza kwa rafiki yangu, ndipo nilipoumia kweli kwa kile nilichokikosa.

Sasa tundu la HDMI. HDMI 2.0 hupitisha gigabiti 18 kwa sekunde, na 4K ya 120 Hz yenye rangi kamili haipiti humo. HDMI 2.1, iliyotangazwa mwaka 2017, hufika gigabiti 48. PS5 yenyewe hutoa hadi 32 na Xbox Series X hutoa hadi 40, hivyo msisumbuliwe na muuzaji anayetaka muongeze fedha kwa sababu tundu lake ni la 48 na la jirani ni la 40. Tatizo lipo kwenye jina. Mwishoni mwa mwaka 2021 wasimamizi wa leseni za HDMI walieleza wazi kwamba 2.0 haihesabiki tena kama daraja la peke yake, na kwamba uwezo mpya wa 2.1 ni wa hiari, mtengenezaji akipenda anauweka na asipopenda anauacha. Matokeo yake ni kwamba runinga ya 60 Hz inaweza kubeba maandishi ya HDMI 2.1 kihalali kabisa. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji si kama runinga ina 2.1, bali ni kama inapokea 4K kwa 120 Hz, kama ina VRR (nitaieleza hapa chini), na ni kwenye matundu mangapi.

Hilo la matundu mangapi lina uzito wake. Runinga nyingi za 120 Hz zina matundu manne ya HDMI, lakini ni mawili tu yanayopitisha 4K ya 120, na moja kati ya hayo mawili ndilo hilohilo la eARC linalopeleka sauti kwenye saundibaa. Ukiwa na saundibaa, PS5 na Series X kwa pamoja, mmoja atakosa nafasi. LG za OLED za daraja la C, kuanzia C9 ya mwaka 2019, zimekuwa zikitoa matundu yote manne yenye uwezo huo, na ndiyo sababu mojawapo ya kusifiwa kwake na wachezaji.

VRR ni pale runinga inapokubali kuisubiri konsoli badala ya kuilazimisha ifuate saa yake: fremu ikichelewa, kioo nacho huchelewa kwa kiasi hichohicho, na picha haichaniki wala haigandi. PS5 ilipata uwezo huo kwa sasisho la Aprili 2022, nao hufanya kazi kati ya fremu 48 na 120. Xbox ilikuwa nao kabla. Gemu inayoyumba kati ya 50 na 60 hutulia kabisa ukiwasha VRR, lakini ile iliyofungwa kwenye 30 haitasaidika.

Kuhusu kuchelewa kwa amri, yaani muda kati ya kubonyeza pedi na kuona mchezaji akitikisika, nitasema kwa ufupi kwamba runinga ikiwa katika hali ya filamu inaweza kuchelewa kwa zaidi ya milisekunde 100, na ileile ikiwekwa katika hali ya gemu ikashuka hadi chini ya 15. ALLM ni uwezo wa kuhamia hali ya gemu yenyewe pindi konsoli inapowashwa. Runinga isiyokuwa nao haijapungukiwa sana, kwa sababu unaweza kuweka kwa rimoti.

Aina ya kioo ndiyo itakayokuonyesha uzuri wa gemu kila siku, pengine kuliko hizo Hz. Kioo cha OLED kila nukta hujiwashia mwanga wake na kujizima, kwa hiyo giza lake ni giza kweli, na nukta hubadilika kwa muda usiofika milisekunde moja. Vioo vya LCD hutegemea taa za nyuma, navyo vimegawanyika: vile vya VA vina weusi mzito lakini ukikaa pembeni rangi hufifia, na vile vya IPS huonekana vizuri kwa waliojipanga ukutani kote ila usiku weusi wake huwa kijivu. Taa za nyuma zikigawanywa katika maeneo mengi yanayozimika kila moja peke yake, hasa zile ndogo ndogo za Mini LED, tofauti hupungua sana, na mchana kwenye sebule yenye madirisha makubwa Mini LED hung'aa kuliko OLED nyingi.

Hapo ndipo panapoingia HDR, yaani picha yenye mwanga mkali na giza zito kwa pamoja, ambayo imekuwa neno la kuuzia. Runinga yoyote ya bei ndogo siku hizi hupokea ishara ya HDR, lakini yenye mwanga wa niti 300 (niti ni kipimo cha mwanga wa kioo) na isiyokuwa na maeneo ya kuzima taa haina cha kuonyesha. Jua la kwenye gemu litakuwa doa jeupe tu. Ikikaribia niti 1,000 na ikawa na weusi wa kuridhisha, utaona tofauti bila kuambiwa. Dolby Vision, ambayo ni aina mojawapo ya HDR, kwa gemu ipo kwenye Xbox Series X na S tangu mwaka 2021, PS5 haina, na runinga za Samsung haziipokei, kwa hiyo mwenye PS5 asilipie chochote cha ziada kwa ajili yake.

Mkifika dukani, ombeni kuja na konsoli yenu. Duka linalojiamini halikatai. Chagueni tundu lililoandikwa 120 au 4K ya kasi, kisha ingieni kwenye mipangilio ya runinga muwashe ishara kamili ya tundu hilo, kwa sababu nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimeifunga. Tumieni waya uliokuja na konsoli. Kwenye PS5 someni taarifa za picha inayotoka katika sehemu ya skrini na video. Kwenye Xbox fungueni maelezo ya TV ya 4K, ambayo huorodhesha kila kinachokubalika na kisichokubalika kwa alama. Dakika tano zinatosha.

Mchangiaji kutoka Tanga

Ahsante sana mkuu kwa uzi uliokwenda shule. Nina kibanda cha kuchezesha gemu, PS5 mbili na PS4 tatu, na karibu siku nzima ni mpira. Nimepata nafasi ya kununua OLED iliyotumika kwa bei ambayo ni ngumu kuiacha. Je, niichukue?

Mleta uzi

Ndugu yangu, kwa kazi yako usiichukue, na nitakueleza sababu ili usidhani ninakukatisha tamaa bure. Ubao wa matokeo hukaa kona ya juu kushoto, na ile ramani ndogo ya uwanja hukaa chini katikati, dakika zote za mchezo, mechi baada ya mechi, saa 10 kwa siku. Nukta za OLED huchakaa kadiri zinavyowaka, na zile zinazoonyesha kitu kilekile kila siku huchakaa tofauti na jirani zake, hatimaye alama ya ubao inabaki hata ukiwa unatazama taarifa ya habari. Kwa mchezaji wa nyumbani anayebadilisha gemu na filamu hatari hiyo ni ndogo. Kwa kibanda ni karibu uhakika.

Kuna jambo jingine ambalo sijaona likisemwa kwetu. OLED za LG hujisafisha zenyewe baada ya kila saa nne hivi za matumizi kwa jumla, na hufanya hivyo zikiwa zimezimwa kwa rimoti huku umeme ukiendelea kuingia. Sisi tuna desturi ya kuzima swichi ya ukutani na kuchomoa kila kitu usiku, kwa hofu ya radi na ya umeme kurudi kwa nguvu, na hofu hiyo ina msingi. Lakini kwa OLED desturi hiyo huinyima runinga muda wake wa kujitibu. Mwenye nayo aiunganishe kwenye kifaa cha kulinda umeme, aizime kwa rimoti, na aiache angalau kwa saa moja kabla ya kuchomoa.

Pia, kwa hizo PS4 za kawaida hutapata faida yoyote ya 120 Hz, kwani hutoa 1080p, yaani picha ya mistari 1080, kwa fremu 60 tu. Kwenye kibanda nenda na LCD yenye kioo cha IPS, maana wateja wako hukaa kwenye benchi wakiwa wanne au watano na wa pembeni naye amelipa.

Mchangiaji kutoka Mombasa

Shukrani kwa elimu hii. Huku kwetu zinaingia runinga nyingi za mitumba, baadhi zikiwa ni za soko la Japani na nyingine za Marekani, na bei zake zinavutia. Kuna kasoro yoyote kwa mwenye Xbox Series X?

Mleta uzi

Geuza runinga usome kibandiko cha nyuma. Kikiandika volti 100 hadi 240, huna wasiwasi. Kikiandika 100 peke yake au 120 peke yake, utahitaji transfoma ya kushusha umeme, na siku mtu wa nyumbani akiichomeka moja kwa moja ukutani, imekwisha. Kisha fahamu kwamba runinga ya Japani au ya Marekani haitanasa matangazo ya kidijitali ya huku kwa antena, kwa kuwa mfumo wetu ni DVB-T2 na wao wana mifumo yao. Kwa gemu hilo halina madhara, na kwa chaneli utatumia king'amuzi kupitia HDMI. Kagua kioo kwa kuweka picha nyeupe tupu kisha nyekundu tupu kutoka kwenye simu au flashi; alama zilizobaki za nembo za vituo vya televisheni huonekana zaidi kwenye nyekundu.

Mchangiaji kutoka Mwanza

Mimi nina Series S na ninacheza mpira peke yake, mara chache magari. Nikikaa kitandani niko kama mita mbili kutoka ukutani. Baada ya kusoma haya yote ninaanza kuona kwamba bila 120 Hz nitakuwa nimepoteza fedha.

Mleta uzi

Hapana mkuu, na nisamehe ikiwa nimeandika kwa namna iliyokupa wasiwasi huo. Gemu za mpira kwenye konsoli hizi huchezwa kwa fremu 60, na Series S imelengwa kwa picha ya 1440p ambayo hukuzwa hadi 4K. Kwa matumizi yako, runinga nzuri ya 60 Hz yenye kioo cha VA, weusi wa kuridhisha na hali ya gemu yenye kasi itakupa raha kuliko ya 120 Hz iliyobanwa bei mpaka ikakosa mwanga. Fedha utakayookoa ongeza kwenye kifaa cha kulinda umeme au UPS. Konsoli kubwa hula takribani wati 200 gemu ikiwa imekolea, Series S hula chini ya hapo, na umeme kukatika wakati gemu inahifadhi ndiyo njia ya haraka ya kupoteza msimu mzima.

Kuhusu umbali, zidisha ulalo wa kioo kwa 1.6. Inchi 55 ni sentimita 140, kwa hiyo unapata mita 2.2; inchi 43 ni sentimita 109, unapata mita 1.75. Kwa mita zako mbili, inchi 50 inakaa vizuri.

Mchangiaji kutoka Nairobi

Naomba kuongeza moja. Wengi huwasha HDR wakaona picha imefifia, kisha wakalaumu runinga. PS5 ina skrini tatu za kurekebisha HDR, na kabla ya kuzipitia inafaa kuzima ule ukuzaji wa mwanga unaojiendesha wa runinga, au kuchagua HGiG ikiwa ipo, ili konsoli ndiyo ipange mwanga na runinga itii. Mkiacha vyote viwili vipange, kila kimoja kinamrekebisha mwenzake na mawingu yote yanakuwa meupe.

Mleta uzi

Umenena kweli ndugu, na hilo nilikuwa nimelisahau kabisa.

Kwa wale wanaotaka kupima kuchelewa kwa amri bila kifaa cha maabara, tumieni simu yenye kurekodi mwendo wa taratibu kwa fremu 240 kwa sekunde. Simamisha simu ili kidole gumba na runinga vyote vionekane, bonyeza kitufe cha kuruka, kisha urudi kwenye video uhesabu fremu kutoka kitufe kinapozama hadi mchezaji anapoinua mguu. Kila fremu ni milisekunde 4.2. Hesabu hiyo inajumuisha kuchelewa kwa gemu yenyewe, kwa hiyo namba moja peke yake haikuambii kitu. Linganisha runinga mbili kwa konsoli ileile, gemu ileile, na rudia walau mara tano.

Mchangiaji kutoka Tanga

Nimerudi, wakuu. Ile OLED nimeiacha. Leo asubuhi nilibeba PS5 kwenye begi nikaenda dukani, nikamwomba muuzaji anifungulie runinga mbili za LCD za inchi 50 zinazokaribiana bei, zote zikiwa katika hali ya gemu, na mwanangu akarekodi kwa simu. Ya kwanza ilitoa wastani wa fremu 31, ambazo ni milisekunde 129. Ya pili ikatoa 19, milisekunde 79, ingawa boksi lake halikuwa na neno gemu mahali popote. Muuzaji mwenyewe aliomba arudie kuhesabu kwa kidole chake kwenye kioo cha simu, akapata 19 vilevile. Nimeichukua hiyo ya pili, na nimekaa kwenye benchi la pembeni kabisa kuhakikisha jezi zinaonekana rangi zake.